Lazima nisomee sheria ili niitetee mikoko? Jibu kwa msomaji wa Kilwa

Msomaji mmoja wa Kilwa ameniandikia na kuniruhusu nimjibu hadharani bila kulitaja jina lake. Ana shahada ya sayansi ya mazingira na amejitolea kwa miaka miwili katika kikundi cha vijana wanaopanda mikoko, na katika miaka hiyo ameshuhudia mikoko iliyokomaa ikikatwa kupisha mashamba ya chumvi, mwendo wa nusu saa tu kutoka pale wanapopanda miche yao. Anauliza mambo matatu: kama inampasa kurudi chuoni asome sheria tangu mwanzo ili awe na sauti, kama kazi ya kutetea mazingira inaweza kumlisha yeye na wazazi wake, na kama akiajiriwa serikalini, jambo ambalo wazazi wanalitaka sana, atakuwa ameuacha utetezi.

Mdogo wangu, swali la kwanza nalijibu waziwazi: usianze na shahada ya sheria, walau si mwaka huu. Kwa utaratibu wetu wa Tanzania utahitaji miaka mitatu au minne ya shahada, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa kuwa wakili, na baada ya hapo miaka kadhaa chini ya wakili mzoefu kabla hujaaminiwa na shauri zito. Hiyo ni njia ya heshima, nami nimeipita. Hata hivyo, mashauri ya mazingira niliyoyaona yakianguka yaliangukia zaidi penye ushahidi na penye muda, na sehemu hizo mbili zinamhitaji mtu mwenye elimu uliyo nayo tayari, anayeishi pale madhara yanapotokea, kuliko zinavyonihitaji mimi ninayevaa joho mjini.

Nianze na shauri ambalo wanafunzi wetu wa sheria ya mazingira hulisoma mapema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, akiwamo Joseph Kessy ambaye shauri lilibeba jina lake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliamuru umwagaji ukome, lakini Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akisema kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliifungamanisha kero ya harufu, moshi na nzi na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba, na tangu hapo ibara hiyo imekuwa mlango kwetu sote. Sehemu ya pili ya habari hii husimuliwa mara chache. Baada ya Tabata taka zilianza kupelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko, Festo Balegele na mamia ya wenzake, nao wakalazimika kwenda mahakamani mwaka uleule wa 1991. Hukumu iliweza kusema taka zisimwagwe wapi. Kuamua zipelekwe wapi, kwa fedha gani na kwa mpango gani wa mji, kulihitaji watu wa sera, wahandisi na maofisa wa halmashauri, na watu hao hawakuwamo katika chumba cha mahakama.

Jirani yako wa kaskazini, delta ya Rufiji, ina habari iliyo karibu zaidi na ya kwako. Katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kuanzisha ufugaji mkubwa wa kambamiti ndani ya delta, penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika mwambao wetu. NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ilishauri mradi usikubaliwe, serikali ikaukubali mwaka 1997, na wanavijiji wakaenda mahakamani wakisaidiwa na LEAT, chama cha wanasheria watetezi wa mazingira kilichoanzishwa mwaka 1994. Mradi haukujengwa. Zingatia hapo kwamba ushauri wa kitaalamu ulikuwapo na uliwekwa kando, kwa sababu wakati ule ulikuwa ushauri tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, ndiyo iliyoifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti la kisheria kwa miradi mikubwa kabla haijaanza, na mwaka huohuo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mikoko unayoiona ikikatwa inaweza kuwa ndani ya mipaka ya eneo hilo, na kulithibitisha hilo kwa ramani ni kazi ya mtu wa sayansi ya mazingira, wala si ya wakili.

Nikueleze sasa maana ya ushahidi katika kazi hii. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia majirani wake madini ya risasi kwa miaka kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliathirika, hakuwa mwanasheria. Alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kuwapeleka watoto wapimwe damu na kudai udongo upimwe. Vipimo hivyo ndivyo vilivyobeba shauri lililofunguliwa mwaka 2016, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Wapo watu ambao maneno yao yana uzito, lakini baada ya miaka minane ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, maneno hufifia na waliyoyasema husahauliwa, ilhali namba ya risasi katika damu ya mtoto, yenye tarehe na jina la maabara, hubaki vilevile ilivyoandikwa.

Kwa hiyo unapoona kisiki cha mkoko, usikipige picha tu. Andika tarehe, saa na majira ya nukta ya eneo (GPS) kwa simu yako, aina ya mkoko kwa jina la wenyeji na la kitaalamu, kipenyo cha kisiki, na majina ya watu wawili waliokuwapo. Ukichukua sampuli ya maji au udongo, usiende peke yako. Omba mwenyekiti wa kijiji au ofisa wa bonde la maji awepo, chupa ifungwe na kuandikwa mbele yenu, na ifike maabara inayotambuliwa, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na karatasi inayoonyesha nani aliishika chupa kutoka mkono upi hadi mkono upi. Nimeshuhudia sampuli nzuri sana ikikataliwa kwa sababu ilikaa siku tatu ndani ya friji ya nyumbani kwa mtu, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba haikuguswa. Wakili angefanya nini hapo? Hakuna alichoweza kufanya.

Aina nyingine ya ushahidi ni karatasi za mikutano, na hapa nina uchungu wa pekee. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kijiji ambacho wananchi walikuwa wakipinga mradi mmoja wa ardhi. Mkutano wa wadau ulikuwa umefanyika, watu wakaulizwa maswali mawili matatu, kisha wakasaini daftari ili wapokee posho ya nauli. Daftari hilo likaambatishwa kwenye ripoti ya tathmini kama uthibitisho wa ushirikishwaji, na baadhi ya wazee waliokuwa mbele yangu wakisema katakata kwamba hawakuukubali mradi walikuta saini zao humo, chini ya kichwa cha habari ambacho hawakukisoma. Hakuna aliyekuwa ameandika muhtasari wa upande wa wanakijiji. Tangu siku hiyo kila ninapoalikwa kufundisha vijana, somo la kwanza ninalofundisha ni namna ya kuandika muhtasari wa mkutano: nani alisema nini, swali lipi halikujibiwa, ripoti ilisomwa kwa lugha gani, na saini ya mahudhurio ilitolewa kwa ajili ya nini. Kanuni zetu za tathmini zinataka muhtasari wa ripoti usio wa kitaalamu uwepo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, basi uombe ule wa Kiswahili na uusome mbele ya watu, tena kabla ya mkutano.

Usidhani hayo ni mambo madogo. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya, linalosikiliza rufaa za leseni, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, na sababu kuu ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini mapema, kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu walikuwa wameulizwa maoni juu ya athari ambazo hawakuwa wameelezwa. Wakazi wa Lamu walioungana chini ya Save Lamu waliweza kuonyesha hilo kwa sababu walijua mkutano upi ulifanyika lini na ulijadili nini. Mradi mkubwa kiasi hicho ulijikwaa kwenye kalenda ya mikutano.

Hapo ndipo linapoingia suala la muda, ambalo wanaharakati wengi hulidharau hadi siku ya pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Kenya, rufaa dhidi ya uamuzi wa kutoa leseni hupelekwa mbele ya baraza hilo ndani ya siku 60. Kwetu Tanzania, anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma anatakiwa kuomba ruhusa ndani ya miezi 6, na anayetaka kuishtaki serikali kwa njia ya kawaida, zikiwamo halmashauri, hutoa kwanza notisi ya siku 90. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha inatoa miezi 2 tu. Mahakama hiyo ndiyo iliyotoa hukumu mwaka 2014 dhidi ya mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama la Kenya. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyolitupa, Novemba 2023, shauri la asasi nne dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwa sababu lilifunguliwa mwaka 2020 ilhali makubaliano yaliyolalamikiwa yalitiwa saini mwaka 2017. Hoja za bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 hazikusikilizwa hata kidogo katika hatua hiyo. Mtu aliyeko karibu na tukio, anayeziona notisi zikibandikwa ofisi ya mtendaji siku ileile, ndiye anayeweza kuuokoa muda, kwa maana mimi mara nyingi huzisikia zikiwa zimechakaa.

Niseme kidogo kuhusu nani anaruhusiwa kushtaki, maana huenda unajiuliza kama mtu asiyemiliki ardhi ana haki ya kusema. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo refu lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, akaambiwa kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 70, imefuta kikwazo hicho: anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kwetu hali ni ya mchanganyiko. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi chini ya Katiba aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, lakini Sheria ya Mazingira, katika vifungu vya 4 na 5, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuchukua hatua pale mazingira yanapotishiwa. Kwa hiyo chagua mlango kwa uangalifu, na ukiwa na mashaka, wavuvi na wachuma chaza wanaoitegemea mikoko hiyo wawe mbele, nawe uwe shahidi wao.

Kuhusu riziki, sitakudanganya kwamba uanaharakati una mshahara wa uhakika. Asasi nyingi hulipa kwa mradi, na mradi ukiisha ofisi hufungwa au hupunguza watu. Kazi zenye mshahara ziko kwingine, na kwa bahati nyingi zinakufaa. Kuna washauri elekezi wa mazingira, wanaosajiliwa ili waandae tathmini na ukaguzi. Wengi wao hulipwa na mwenye mradi, jambo linalowajaribu sana, lakini mshauri mmoja mkweli anayekataa kunakili ripoti ya wilaya nyingine ameokoa mengi kuliko mashauri kumi. Kuna bodi za maji za mabonde, Wakala wa Huduma za Misitu unaosimamia hifadhi za mikoko, na maofisa mazingira wa halmashauri. Kuna pia uwanja mpya wa biashara ya kaboni, yaani jamii kulipwa kwa kutunza misitu inayofyonza hewa ya ukaa, uliopata kanuni zake mwaka 2022 na kituo chake cha taifa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa Yaeda Chini wamekuwa wakipokea malipo ya kaboni kwa kuutunza msitu wao, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga huduma za jamii kwa fedha za namna hiyo. Wanunuzi watafika pwani kutafuta kaboni ya mikoko, wakiwa na mikataba ya miongo kadhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu. Kijiji kitahitaji mtu wake anayejua kaboni inapimwaje na mgawo wa mapato unahesabiwa kutoka kiasi gani, kabla au baada ya gharama za kampuni. Natamani sana mtu huyo awe wewe, kwa sababu sijaona vijana wa kutosha wanaojiandaa kwa kazi hiyo, na mikataba haitawasubiri.

Swali lako la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Hapana, kuajiriwa serikalini si kuuacha utetezi. Ofisa mazingira wa halmashauri ndiye anayeombwa maoni kuhusu mradi wa wilayani, ndiye anayezilea kamati za mazingira za vijiji, na ndiye anayeweza kuandika sentensi moja kwenye jalada, kwamba eneo hili ni la mazalia ya samaki, ambayo miaka kumi baadaye wakili ataitafuta kama dhahabu. Utakachopoteza ni uhuru wa kusema hadharani, kwani mtumishi wa umma anabanwa na miiko ya siri za ofisi, na nakushauri uiheshimu, kwa sababu ofisa akishaonekana anavujisha nyaraka maoni yake ya kitaalamu huacha kuaminiwa. Pale ambapo ukimya ungekuwa kushiriki kosa, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ina utaratibu wake. Isome kabla hujaihitaji. Wazazi wako basi hawajakosea, nao wana haki ya kutaka uwe na pensheni.

Ukibaki nje ya serikali, fikiria kuwa msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, mafunzo ambayo si marefu na yatakupa uhalali wa kukaa na wanakijiji, kuwaelekeza na kuwafikisha kwa wakili. Baada ya miaka mitatu minne ya kazi hiyo, kama sheria bado inakuita, Chuo Kikuu Huria kinakuwezesha kuisoma huku ukifanya kazi, na utaisoma ukiwa na maswali yako mwenyewe, jambo ambalo vijana tuliotoka sekondari moja kwa moja hatukuwa nalo.

Kuna jambo moja zito ambalo hukuliuliza. Kazi hii ina hatari. Wayne Lotter, aliyepambana na ujangili, aliuawa Dar es Salaam Agosti 2017, na Joannah Stutchbury, mtetezi wa msitu wa Kiambu, aliuawa nje kidogo ya Nairobi Julai 2021. Mashamba ya chumvi si biashara ya pembe za ndovu, lakini yana wenyewe na yana fedha. Usiende kupiga picha peke yako, usiweke kumbukumbu zote kwenye simu moja, na barua zako ziandikwe kwa jina la kikundi au kamati ya kijiji, si kwa jina lako pekee.

Sasa kuhusu mikoko yako. Wiki hii andikeni barua mbili. Ya kwanza iende kwa ofisi ya misitu ya wilaya, ikiuliza kama eneo lililofyekwa liko ndani ya hifadhi ya mikoko na kama kuna kibali cha kukata, nani alikitoa na lini. Ya pili iende kwa ofisi ya kanda ya mamlaka ya mazingira, ikiomba nakala ya cheti cha tathmini cha mashamba hayo pamoja na masharti yake. Zote mbili zitajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, na nakala zenu zigongwe muhuri wa kupokelewa pale masjala, wenye tarehe inayosomeka. Siku ya 31, kama hamjajibiwa au kama jibu litasema cheti hakipo, nitumie nakala hizo zenye muhuri pamoja na daftari lako la visiki, nami nitaanza kuandaa notisi.